Kinyozi Hajinyoi, na Sasa Anapoteza Kitanda

Mpendwa Mjomba Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uufikishe kabla ya Jumatano, kwa sababu Jumatano mwenzangu wa chumba atanyang'anywa kitanda kwa kosa la kunyamaza, na mimi ninayejua kwamba mtu huyo hanyamazi hata akitafuna nimekatazwa kusema, tena aliyenikataza ni yeye mwenyewe.

Mimi naishi katika bweni la chuo, Mjomba, na si bweni hivi hivi la vitanda na harufu ya soksi, ingawa vitanda vipo na soksi nazo hazijambo, bali ni bweni la majaribio, yaani tumechaguliwa wanafunzi kumi na wawili wa kozi mbalimbali tukae pamoja na tufundishane kwa mazungumzo, maana Mlezi wetu wa bweni, ambaye ni mwalimu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na anaishi chumba cha mwisho ghorofa ya chini, anaamini kwamba mtu hafundishwi, mtu anazungumzwa naye mpaka aelewe au achoke, chochote kitakachotangulia. Kila Jumatano baada ya chakula cha jioni tunapanga viti duara sebuleni, tunatazamana machoni, na tunapeana mwiko wa mbao uliotolewa jikoni, na kanuni ni kwamba asiye na mwiko hasemi, na aliye nao lazima aanze kwa kumwambia aliyetangulia, "Nimekusikia, na ninajenga juu ya ulichosema," hata kama mwenzake hakusema kitu cha kujengea banda la kuku. Bomba la bafuni lilipovuja hatukuita fundi, tulilijadili, tukaliangalia kwa mtazamo wa mtumiaji, kwa mtazamo wa chuo, na mmoja akaomba tuliangalie pia kwa mtazamo wa maji, na tulipofika kwenye mwafaka bafu lilikuwa bwawa.

Sasa mimi sijisifu, ila ndiye nyota wa duara hilo. Wananiita Msemaji. Kabla ya chuo niliuza viatu vya mtumba, nilimuuzia mtu viatu viwili vya mguu wa kushoto na akaondoka ananishukuru, kwa hiyo mdomo ninao, sikuazima. Mwiko ukifika kwangu watu wanaweka vikombe chini. Lakini mdomo ndio wangu, Mjomba. Maneno si yangu.

Maneno ni ya Kinyozi. Kinyozi ndiye huyo mwenzangu wa chumba, tunamwita hivyo kwa kuwa ana mashine ya kunyolea aliyopewa na dada yake siku anaondoka nyumbani, na bweni zima linanyolewa na yeye bila malipo, sharti lake ni moja tu, ukae kwenye stuli utazame ukuta na usigeuke. Ana kigugumizi. Ukimtazama usoni neno linamkwama kama mlango uliovimba kwa mvua, unaona kabisa analisukuma kwa bega, na wewe unaanza kusukuma naye, mnatoka jasho wawili. Lakini akiwa nyuma yako na mashine inanguruma, Mjomba, mtu huyo anatiririka, na usidhani ni mpole, ana ulimi wa pilipili, anakuchambua wewe na ukoo wako huku anakuambia inamisha kichwa. Siku moja nilimuuliza, "We, mbona maneno yako yote unayatoa nikiwa nimekupa mgongo?" Akasema, "Kwa sababu kisogo hakinionei huruma. Na wala hakinisaidii kumaliza sentensi. Tulia, nitakutoa sikio."

Basi mimi kila Jumatano mchana nanyolewa, hata kama hakuna cha kunyoa. Namtajia mada ya jioni, anaongea, nami nabeba. Tulipojadili kama kiongozi apendwe au aogopwe, alisema, "Mteja anayekuogopa anatulia kitini ila harudi tena. Anayekupenda anarudi, ila hatulii. Chagua unataka kichwa au unataka mteja." Jioni nikaligeuza kidogo, nikaweka kiongozi mahali pa kinyozi, nikanyamaza pale katikati kwa madoido, duara likavuma, Mlezi akafuta miwani. Kinyozi alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango, anatazama viatu vyake, na nakuapia nilimwona anacheka kwa ndani. Nadhani anapenda. Tukirudi chumbani ananisahihisha: "Pale ulinyamaza kupita kiasi. Watu walidhani umesahau."

Nisikufiche, bweni letu lina wivu pia. Juzi juzi mada ilikuwa uchafu wa jikoni, nami nilikuwa nimepewa mstari mtamu, kwamba uchafu wa jikoni hauna baba, una wajomba tu. Naugojea mwiko kwa hamu, mara Mwanasheria, mmoja wa kozi ya sheria anayevaa tai hata akienda kuoga, anausimamisha mwiko na kuutoa mstari wangu neno kwa neno, poda nyeupe bado iko shingoni kama andazi lililonyunyiziwa sukari! Nilijua anasikiliza mlangoni kwetu. Na Bonge, mtu ambaye mchango wake mkubwa mpaka siku hiyo ulikuwa kuuliza kama chai imebaki, naye akaamka akanena kama jaji, huku anapangusa kola. Hata Mlezi alifungua duara kwa kusema, "Asiyejua kusubiri jibu asiulize swali," maneno ambayo niliona kama nimeyasikia mahali, nikajiambia labda niliyaota.

Sasa sikia balaa. Jumatano iliyopita Mlezi alitangaza kwamba muhula ujao bweni litapokea wageni, na kwamba vitanda vya bweni la mazungumzo ni vya wanaozungumza, kwa hiyo anayepitisha mwiko kila wiki bila neno ajiandae kupisha, na Jumatano inayofuata atataja nani anabaki. Hakutaja jina. Alitazama tu mlangoni, kwa upole wote. Kisha akamkabidhi Kinyozi mwiko.

Kinyozi akausimamisha. Akasema, "Mi... mi... mi..." Na Mjomba, watu wale walimsikiliza! Walimsikiliza kwa huruma nzito kama blanketi lililolowa. Kumi na wawili, pamoja na Mlezi, wameinama mbele, wanatikisa kichwa, wanatabasamu kumtia moyo. Mwanasheria akaona amsaidie, akamalizia, "Mimi sina la kuongeza, sivyo?" Kinyozi akamtazama. Akapitisha mwiko. Na mwiko ulikuja kwangu, na mimi nikasema, "Nimekusikia, na ninajenga juu ya ulichosema," watu wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Akitoka pale hana pa kwenda. Dada yake aliyemlea anakaa chumba kimoja na mume na watoto, mbali na chuo, na shemeji keshasema nyumba yake si stoo. Kinyozi anasema ataacha masomo, atapanga kibanda, atanyoa. Nilimwambia kesho yake, nimekaa kwenye stuli, "Nitawaambia ukweli. Nitawaambia kila nilichosema ni chako."

Mashine ikazimwa. Akaiwasha tena.

"Ukisema," akaniambia, "Jumatano ile ile watanipa mwiko wathibitishe. Watainama tena vile. Afadhali nifukuzwe kwa kunyamaza kuliko kubakizwa kwa kuhurumiwa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ninyoe au nisinyoe hapa juu?"

"Nakuuliza la maana!"

"Na mimi nakuuliza la maana. Hapa juu upara unabisha hodi."

Akaniapisha, nikaapa. Sasa Mjomba, nikikaa kimya rafiki yangu anakwenda na mimi nabaki nyota wa duara, taa isiyo na mafuta. Nikisema, nimevunja kiapo na labda na kitanda changu kinakwenda. Nisikudanganye, hotuba ya kuungama nimekwisha kuiandaa, ni nzuri sana, ina mahali pa kulia. Niitoe au nisiitoe?

Ni mimi wako,
Msemaji aliyekosa la kusema

*

Mpwa wangu Msemaji,

Barua yako nimeirusha foleni. Imempita mama mmoja ambaye mumewe haongei naye tangu walipopaka nyumba rangi, nami namwomba radhi, lakini mume yule haendi popote na rangi imeshakauka. Jumatano ndiyo ina miguu.

Kwanza, hilo la uchafu wa jikoni kuwa na wajomba tu. Nimelipokea. Nimekaa nalo. Mwambie mwenye maneno yake kwamba Mjomba ameumia, na kwamba ni kweli.

Pili, unaandikia mtu anayejua mabweni. Mimi na shule tuliachana kwa amani nikiwa mdogo, yeye akashika njia yake nami yangu, wala hakuna aliyemtafuta mwenzake. Lakini nimelala bweni la mabaharia, bweni la wachimba mawe, bweni la wapishi wa hoteli ambako kila mtu alinuka kitunguu cha mwenzake, na moja ambalo mlango wake ulifungwa kwa nje na sitaki maswali. Kote huko watu walifundishana kwa mazungumzo, na hakuna aliyehitaji mwiko. Mwiko ulikuwa kwenye sufuria, unafanya kazi yake, na sisi tulishiba. Kwa hiyo nisikilize.

Poda, mpwa wangu! Poda!

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba Mwanasheria alikuwa na poda shingoni siku alipokuibia mstari. Umeniandikia kwamba Bonge alipogeuka jaji alikuwa anapangusa kola. Anapangusa nini kwenye kola, makombo ya hekima? Umeniandikia kwamba Mlezi ana ndevu zilizochongwa vizuri na ametoa neno ulilolisikia mahali. Na umeniandikia, bila aibu, kwamba bweni zima linanyolewa na mtu mmoja. Mimi sijafika huko, nimekaa hapa na kalamu na kikombe cha chai iliyopoa, na nimeshaona. Wewe unalala naye chumba kimoja ukadhani Mwanasheria anasikiliza mlangoni. Mwanasheria hakuwa mlangoni. Alikuwa kwenye stuli yako, kabla yako au baada yako, ametazama ukuta ule ule, anaambiwa atulie asije akatolewa sikio.

Hakuna aliyekuibia. Mmeiba wote, kila mmoja na mfuko wake, kisha mkakutana Jumatano kuoneshana mali mkashangaa zinafanana!

Hebu lione bweni lenu lilivyo. Watu kumi na mmoja na Mlezi wao wanakaa duara, wanatazamana machoni, wanajenga juu ya walichosema wenzao, wanafuta miwani kwa kuguswa, na mazungumzo yote hayo, kuanzia uongozi mpaka sinki, ni mtu mmoja anazungumza na nafsi yake kupitia vichwa vilivyonyolewa. Na huyo mmoja ndiye anayefukuzwa kwa kutoshiriki. Mimi nimeishi miaka mingi na nimecheka mengi, lakini kwa hili ilibidi niweke kikombe chini.

Haya. Kicheko kimekwisha. Sasa nikukaripie, maana ndicho ulichoniandikia.

Hotuba yako ya kuungama ichane. Ichane pamoja na mahali pa kulia, hasa mahali pa kulia. Unajua kitakachotokea ukiitoa? Watapiga makofi. Watasema, jamani, Msemaji leo amejizidi, ameungama vizuri kuliko mtu yeyote, mwiko apewe akalale nao. Utakuwa nyota kwa kuungama kama ulivyokuwa nyota kwa kuiba, na yule mtu wa mlangoni atakuwa mada yako ya wiki. Umemtumia maneno yake, sasa unataka kumtumia na kigugumizi. Wewe ni muuza viatu wa kweli, kila ukifungua mdomo lazima mtu aondoke na kitu asichokihitaji.

Na ule mzaha wa "nimekusikia, na ninajenga juu ya ulichosema." Sikukaripii hapo, kwa sababu chakula chako kimeshakukaripia. Uliona kwamba umefanya ubaya, ukasema hivyo, na hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa kurasa hizi zote badala ya mistari miwili. Una moyo. Ila umeuweka nyuma ya ulimi, na ulimi wako ni mpana.

Nikuambie jambo moja kuhusu mazungumzo, nililolijua nikipandisha kabati ngazi za ghorofa tatu na mtu ambaye hatukujua lugha moja. Kabati hubebwa na wawili, na mmoja wao lazima apande kinyumenyume. Haoni mbele, anamtegemea mwenzake amwambie ngazi, kona, kichwa. Wote wawili wakitaka kupanda wakitazama mbele, kabati linabaki chini, wao wanafika juu wanapongezana. Duara lenu lote linapanda likitazama mbele. Anayepanda kinyumenyume ni mmoja, na amekaa karibu na mlango.

Naye asidhani nimemsahau. Bwana Kinyozi, najua utasomewa barua hii, na umekaa nyuma ya mtu kama kawaida yako. Wewe ni mwoga mwenye mashine. Unapenda kusikia maneno yako yakitembea na miguu ya wenzako, yakipendwa unacheka ndani kwa ndani, yakikosewa unasema ni Msemaji aliyenyamaza kupita kiasi. Ni raha, nakubali. Lakini raha hiyo sasa inakudai kitanda, masomo, na usiku wa kulala kwa shemeji yako. Huruma ya duara lile ni mbaya, umesema kweli, mimi mwenyewe ningewapitishia mwiko vichwani. Ila umejiwekea mlango mmoja tu wa kutokea, wa kuondoka. Mlango mwingine upo, na ni wewe uliyeniambia ulipo, kwa kinywa cha huyu bwana wa viatu. Kisogo.

Basi, mpwa wangu, fanya hivi.

Leo, si kesho, mchukue mwenzako umkalishe kwenye stuli. Mashine ishike wewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na nina hakika kichwa cha huyo bwana ni msitu ambao hata njia ya mbuzi hauna, maana nani amnyoe? Atakataa. Atasema utamharibu. Utamharibu kweli, nywele zitaota. Mtazamishe ukuta, simama nyuma yake, kisha umwambie nilichokuambia kuhusu poda. Mwambie kwamba bweni zima ni mdomo wake. Mwambie na lile la kucheka na mwiko mkononi, hilo liseme polepole, bila madoido, bila kunyamaza katikati. Utashangaa, wewe mwenye mdomo usioazimwa, jinsi ilivyo rahisi kusema kweli kwa mtu asiyekutazama. Ndipo utajua yeye anaishi wapi.

Halafu muulize kama atakubali Jumatano anyoe sebuleni badala ya chumbani. Usimtegee, usimwambie twende tukanywe chai kisha umfungie mlango. Muulize wazi, na ukishauliza, funga hicho kinywa usubiri. Asiyejua kusubiri jibu asiulize swali. Unakumbuka nani alisema? Si Mlezi.

Akikubali, kazi yako ni hii. Nenda kwa vichwa vingine, kimoja kimoja, na kila mmoja muulize kwa upole, "Ile hoja yako nzuri uliitoa wapi?" Usiwaambie jibu. Hapo hujavunja kiapo, umeuliza swali tu. Waache wajipapase shingo. Bonge ataelewa kwanza, watu wa kuuliza chai huwa wanaelewa mapema. Mwanasheria atakata rufaa. Kisha nenda kwa Mlezi umwombe Jumatano moja tu ya jaribio, na kwa kuwa bweni lenu ni la majaribio hana pa kukimbilia. Stuli iwekwe katikati. Viti vyote vya duara vigeuzwe vitazame ukuta. Mwiko urudi kwenye sufuria, umeteseka vya kutosha.

Na kwenye stuli akae Mlezi. Ndiyo, yeye na miwani yake, ageuzwe vile vile kama mtoto wa mtu. Mimi nimetembea nchi nyingi na sijaona mtu akimfukuza anayemshikia mashine ikiwa imemaliza upande mmoja tu wa kichwa. Mada iwe, "Nani anashiriki?" Kisha watu wote wanyamaze, mashine ingurume, na bwana huyo aseme au asiseme. Neno likimkwama, likwame. Mashine inanguruma, hakuna aliyekufa. Asitokee mtu wa kumalizia sentensi, na Mwanasheria akijaribu, tai anayo mwenyewe, mvuteni nayo.

Akikataa, basi amekataa, na usimbembeleze kama mteja. Kiapo chako kishike. Lakini nenda peke yako ukagonge mlango wa chumba cha mwisho, pasipo na hadhira, useme, "Mwalimu, mimi sina langu nililowahi kuchangia. Kama kuna kitanda cha kutoa, toa changu." Hapo hujasema la kwake, umesema la kwako, na itakuuma, na hakuna atakayepiga makofi. Najua hukutegemea jibu hili. Ulitegemea nikuchagulie kati ya kunyamaza vizuri na kusema vizuri. Bwana Msemaji, rafiki yako atalala kwa shemeji anayesema nyumba si stoo. Wewe una mdomo, utapata chumba kabla jua halijatua, na pengine utamuuzia mwenye nyumba viatu.

Ila nadhani atakubali. Mtu anayekuuliza "ninyoe au nisinyoe hapa juu" wakati unamlilia si mtu aliyekata tamaa. Ni mtu anayesubiri uulize swali la maana.

Na siku hiyo wewe utakaa wapi? Si mbele, si katikati. Utakaa karibu na mlango, kwenye kiti chake. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Nawaheshimu wahenga, lakini nadhani hawa walijinyoa wenyewe. Jumatano geuza kiti chako utazame ukuta, mpwa wangu, ufunge mdomo, na umpe mwenzio kisogo.

Mjomba wako